Namba Arobaini na Moja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watumishi tisa wa zamu ya kwanza katika kituo cha zimamoto walikuwa wakiruka kamba uani, kati ya gari la ngazi na pipa la maji. Walivaa viatu vipya vya mazoezi, vyeupe, vyenye mstari wa buluu ubavuni. Vyote vilikuwa namba arobaini na moja.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyevaa namba hiyo. Mtunza stoo alikuwa amepita na daftari mwezi uliotangulia, akaandika namba za miguu yao kwa mwandiko mzuri: wawili thelathini na nane, wawili thelathini na tisa, mmoja arobaini, wawili arobaini na tatu, mmoja arobaini na nne, na dereva, ambaye miguu yake ilikuwa gumzo la kituo, arobaini na tano. Kisha akajumlisha, akagawanya kwa tisa, akapata arobaini na moja kamili bila kubaki kitu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kupata hesabu iliyotoka safi namna ile. Aliipeleka makao makuu siku hiyo hiyo, kabla mguu wa mtu haujabadilika.

Basi watano wakapwaya na wanne wakabanwa. Waliobanwa walikata ncha za viatu kwa wembe, vidole vikawa vinachungulia nje. Waliopwaya walijaza pamba na magazeti, na kila waliporuka walisikika kama watu wanaofungua vifurushi. Walilalamika, asubuhi kabla ya chai na mchana baada ya chakula.

Aliyekaa kimya alikuwa mmoja tu, mpanda ngazi, mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye mguu wa thelathini na nane. Walimwita Cherehani kwa sababu akishaanza kupanda hasimami mpaka juu, na miguu yake huenda tak-tak-tak bila kukosea. Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Nafasi ya kiongozi wa zamu ilikuwa wazi, mkaguzi angekuja baada ya wiki sita kuwapima, na Cherehani aliitaka nafasi ile kwa moyo wake wote. Alikuwa ameingoja miaka kumi na mmoja. Hakutaka iwe hadithi kwamba kashindwa na viatu, kwa hiyo akajikaza kisabuni.

Maumivu yake yalipokosa njia ya mdomoni, Jumanne moja yakatokea kisiginoni. Ulikuwa mruko wa mia mbili na kumi. Yalitoka taratibu, yakajinyoosha mgongo, yakajikung'uta vumbi, yakaenda kuketi kwenye benchi karibu na pipa la maji. Yalikuwa na kimo cha kati, unene wa kati, na sura ambayo ukiiona leo kesho huikumbuki.

"Huyo nani?" akauliza mkuu wa kituo.

"Maumivu yangu, afande."

"Asikae njiani mwa gari," akasema mkuu wa kituo, akaendelea kuhesabu miruko.

Tangu siku hiyo wakamwita Maumivu, kama mtu mwingine yeyote. Aliamkia watu, alipisha wakubwa, na jioni alimfuata Cherehani nyumbani. Mume wa Cherehani alimsogezea nafasi kwenye kochi, na alipoona mgeni anaosha vyombo bila kuambiwa, akampenda.

Mwenye mashaka alikuwa mama mkwe. Yeye aliishi nao na alikuwa muuza viatu sokoni, mwanamke aliyepiga magoti mbele ya miguu ya watu kwa miaka thelathini na kuijua kuliko walivyoijua wenyewe. Wiki ya pili alimkaribisha Maumivu chai, kisha akamgeukia mkwewe.

"Vua soksi nione."

Soksi zilikuwa zimeshikana na ngozi. Zilipotoka, zilitoka na ngozi yenyewe.

"Lakini siumwi, mama."

"Utaumwaje na huyo wa kukuuma amekaa hapa anakunywa chai? Yeye katoka, kidonda kimebaki. Utaruka hivyo hivyo unacheka mpaka siku moja uangalie chini usikute kisigino."

Maumivu aliinamisha kichwa. Alisema kwamba ni kweli, kule ndani hali haikuwa nzuri.

Vidonda vilipokauka, mama mkwe alimsimamisha Cherehani juu ya gazeti, uzito wote chini, akachora miguu yote miwili kwa kalamu. Ilikuwa jioni, na alitaka iwe jioni.

"Mguu unapimwa ukishazunguka kutwa, ukavimba. Asubuhi unakudanganya. Na ona, wa kushoto umeuzidi wa kulia. Tunanunulia mkubwa, mdogo tutausaidia kwa kamba."

Akafungua gunia lake, akatupa pembeni jozi sita bila hata kuzijaribu. Ya saba akaikunja kwa mikono. Ilikunjika mbele, penye vidole, akaguna kwa kuridhika.

"Kiatu kikikunjika katikati, hiyo ni ndala imejificha. Vaa. Na soksi za kazini, siyo hizo nyembamba za kwendea harusini."

Akabonyeza mbele ya kidole kirefu na kukuta nafasi ya upana wa gumba lake. Akavuta kisigino, hakikuchezacheza.

"Kinanibana kidogo hapa ubavuni," akasema Cherehani. "Labda kitazoea."

"Wanasema hivyo wote. Kiatu hakizoei, mwanangu, ni wewe unayezoea kuteseka. Vua."

Ya nane haikubana popote. Cherehani aliruka sebuleni mara hamsini, mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa fagio. Mama mkwe hakumuuliza yeye. Alimuuliza Maumivu.

"Kuna kitu?"

Maumivu alifikiri kwa uaminifu. "Hapana, mama. Hapo mimi sina kazi."

Ilikuwa habari njema kwa kila mtu ila yeye. Cherehani alifanya mazoezi kwenye ngazi za jengo, ghorofa nne juu, ghorofa nne chini, akiwa na gunia la mchanga begani, na kila jioni alirudi mzima anaimba. Maumivu alikaa mlangoni akiwa hana mbele wala nyuma. Siku ya tano, kwa kukosa la kufanya, alivaa vile viatu vyeupe vya kituo vilivyotupwa karibu na fagio. Havikupwaya wala kubana. Mama mkwe alipiga magoti, akabonyeza mbele, akavuta nyuma, akakaa kitako pale pale sakafuni.

"Arobaini na moja kamili," akasema. "Kwa hiyo walimnunulia huyu."

Basi Maumivu naye akaanza mazoezi. Walipanda bega kwa bega, wakipokezana gunia. Hakuwa mwepesi kama Cherehani, lakini hakuwa na hiyana, na alikuwa na pumzi.

Siku ya mtihani, Cherehani alisimama chumbani na jozi mbili mkononi, maana Maumivu alikuwa amevua vyake na kumpa achague. Kwenye ubao wa matangazo kituoni kulikuwa na kanuni moja iliyochapwa kwa herufi kubwa: mtihani hufanywa kwa viatu vya kikosi. Lakini wiki iliyopita mwenzake mwenye mguu wa thelathini na tisa alikuwa amechomokwa na kiatu akiwa ghorofa ya kwanza, akaning'inia kwa mkono mmoja mpaka dereva akamdaka. Kutoka ghorofa ya kwanza mtu hudakika. Mnara wa mazoezi ulikuwa na ghorofa nne. Cherehani alipiga moyo konde, akavaa viatu vyake, akijiambia kwamba mkaguzi ataangalia saa, hataangalia miguu.

Alipanda na kushuka mara tatu akiwa na mpira wa maji begani. Alitumia dakika tatu na sekunde kumi, na mnara ule haukuwahi kuona mwendo kama huo. Wenzake walipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakaja kuchungulia getini. Mkaguzi, mtu mpole mwenye miwani kwenye kamba, alifungua fomu yake. Swali la kwanza liliuliza kama mtahiniwa amevaa viatu vya kikosi. Akaangalia chini, akaweka alama ya mkasi, akafunua ukurasa.

"Lakini muda wangu, afande?"

"Muda ni swali la nne, dada. Huwezi kufika la nne bila kupita la kwanza."

Wengine wanane walijaribu kwa viatu vya kikosi. Wanne waliacha kiatu kimoja njiani na wanne walishuka wakichechemea, muda umeshapita. Ndipo mkaguzi akamwona mtu wa kimo cha kati amesimama nyuma ya mstari, viatu vyeupe vimemkaa sawasawa, kamba zimefungwa vizuri.

"Na wewe?"

Maumivu alimtazama Cherehani kana kwamba anaomba ruhusa. Cherehani alikuwa bado anaitazama ile fomu. Maumivu akachukua mpira wa maji, akapanda na kushuka mara tatu kwa dakika tatu na sekunde hamsini na mbili, kiasi cha kufaulu tu.

"Jina?"

"Maumivu."

"Ya nani?"

Maumivu akamwonyesha Cherehani kwa kidole.

"Mnatoka nyumba moja, vizuri sana," akasema mkaguzi, akaandika kwa wino kwenye nafasi ya kiongozi wa zamu. Mtunza stoo alilia waziwazi. Hakuwahi kuamini kwamba ataishi mpaka aione miguu yenye wastani wake. Mkuu wa kituo alimshika Cherehani bega, akamwambia kwamba wino ukishakauka yeye hana la kufanya.

Cherehani aliumia siku ile, tena sana, mahali ambapo mama mkwe hakuwa na namna ya kupima. Jioni Maumivu aliosha vyombo vyote na sufuria.

Lakini hakuwa kiongozi mbaya. Alikumbuka siku za kuzaliwa za watu wote. Ghala la magodoro liliposhika moto, alisimama chini na redio akitoa amri za wastani, huku Cherehani, kwa viatu vyake, akipanda mara tatu na kuteremsha fundi saa aliyeishi ghorofa ya juu, mke wake na paka wawili waliokuwa wakimkwaruza shingoni. Umati ulimshangilia Cherehani mpaka sauti zikakauka. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba zamu, chini ya Maumivu, ilifanya kazi nzuri.

Mwezi wa kuagiza viatu ulipofika, Cherehani aligonga mlango wa ofisi ya kiongozi wa zamu. Alikuwa na karatasi ya mama mkwe yenye michoro ya miguu ya watu tisa, kila mmoja na jina lake, yote imepimwa jioni.

"Afande, naomba safari hii kila mtu apewe namba yake."

Maumivu aliisoma karatasi mpaka mwisho, kwa makini, maana alikuwa msikivu kwa tabia. Kisha akanyoosha mguu mmoja kutoka chini ya meza, akaugeuza huku na huku ndani ya kiatu cheupe.

"Nakuheshimu sana, unajua," akasema kwa upole. "Lakini mimi hivi navaa kila siku, nakimbia navyo, napanda navyo. Sijawahi kuumwa hata kidogo."

Alisema kweli, na Cherehani alijua kwamba anasema kweli. Akaichukua karatasi yake mezani, akaikunja.

"Sawa, afande," akasema, akatoka uani. Wenzake walikuwa wameshaanza kuruka kamba, wanne wakipwaya, wanne wakibanwa, wakihesabu kwa sauti moja.