Meza Namba Tisa

Binti yangu Casilda anaishi Cochabamba, lakini miaka yote alibaki ameandikishwa kupiga kura hapa Oruro, katika shule iliyo nyuma ya nyumba yangu. Asiyepiga kura hapati cheti, na asiye na cheti benki haimhudumii kwa miezi mitatu. Kwa hiyo kila uchaguzi alikuja. Siku ya kura magari husimama nchi nzima, basi ilimbidi afike Jumamosi na kuondoka Jumatatu. Krismasi alikuwa na kazi. Uchaguzi haukuwa na udhuru.

Ndiyo maana mwaka ule wa 2020 nilizifuatilia tarehe kuliko wagombea wenyewe. Kura ya Mei iliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa. Ya Septemba nayo ikasogezwa, na watu wenye hasira wakaziba barabara kwa mawe. Nilikata kila tangazo gazetini, nikampigia Casilda kumkumbusha. "Sawa, baba," alijibu kila mara. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na nane, katika darasa la usiku la wachimba madini, na tangu hapo sijamwomba mtu anisomee kitu.

Jumamosi moja ya Oktoba, siku moja kabla ya kura, nilipika chairo, supu ya kondoo anayoipenda. Nilinunua kalamu mbili, maana tangazo lilitaka kila mtu aje na yake. Nikaenda stendi; basi la mwisho likaingia. Hakushuka. Nikajiambia alikuja na basi la mapema, amefikia kwa binamu yake.

Jumapili watoto walicheza mpira katikati ya barabara kuu. Wenye vitambulisho vinavyoishia na sifuri hadi nne walipiga kura asubuhi; changu kinaishia na mbili. Cha Casilda ni saba, zamu ya mchana. Nikapiga kura yangu, nikabaki uani pa shule.

"Don Fermín, umeshapiga, nenda nyumbani!" alipaza sauti Eulogia, muuza uji wa mahindi. "Au unataka kugombea?"

"Nikigombea utanipa kura?"

"Kwa sura hiyo? Funika pua kwanza." Akanimiminia kikombe. "Unamngoja Casilda."

"Atakuja."

"Kwa miguu, kutoka Cochabamba? Haya."

Saa kumi jioni foleni iliisha. Nikaisogelea orodha iliyobandikwa mlangoni pa chumba cha meza namba tisa, meza yetu ya kupigia kura. Asubuhi nilikuwa nimetafuta jina langu tu. Mimi, ninayesoma hata karatasi za ndani ya pakiti za dawa, sikushuka mstari mmoja zaidi. Choquetopa Laime, Fermín. Chini yake, palipokuwa na jina la Casilda miaka yote, mtu wa ukoo mwingine.

"Kuna tatizo, mzee?" aliuliza dada aliyesimamia meza.

"Binti yangu hayumo."

"Atakuwa amehama. Daftari lilifunguliwa Januari, wengi walijiandikisha wanakoishi."

Januari. Kabla ya tarehe zote nilizomkumbusha.

Nikampigia simu pale pale.

"Baba! Nimeshapiga, huku huku, hatua mbili toka nyumbani. Nilitaka kukwambia, sikujua nianzie wapi."

"Najua. Niliona kwenye orodha."

"Lini?"

"Zamani. Mimi nasoma kila kinachobandikwa."

"Hukukasirika?"

"Nikasirikie nini? Ni haki yako. Umekula?"

"Nimekula, baba. Na wewe?"

"Nimekula."

Kalamu ya pili nilimwachia yule dada, yake ilikuwa imeishiwa wino. Kisha nikarudi nyumbani kupasha chairo, sufuria ya watu wawili, na nikaila mpaka Jumanne.