Josho Lisilo na Dawa

Maji ya josho la kuogeshea ng'ombe hayakunuka kitu. Bi Usafi aliinama ukingoni, akachovya kidole, akanusa tena. Dawa ya kupe haijifichi. Ikiwemo, humchoma mtu pua. Haya yalikuwa maji ya bomba yaliyotiwa chokaa yapate weupe.

"Bwana Mifugo, humu hamna dawa."

Afisa mifugo alikuwa kivulini, shati limepigwa pasi kama la bwana harusi. "Mama, udaktari ulisomea wapi?"

"Sikusoma. Nina pua."

"Basi pua yako iandike ripoti." Akaigonga muhuri kadi ya josho ya Bi Usafi. Foleni nzima ikacheka, maana kumcheka mjane ni salama kuliko kumcheka afisa.

Jina la Bi Usafi walimpa majirani kwa kejeli. Alifagia banda asubuhi na jioni, aliosha viwele kwa maji ya moto, na ng'ombe wake wawili, mama na binti, aliwapekua masikioni na chini ya mkia akibandua kupe mmoja mmoja. Lakini malisho yalikuwa ya kijiji kizima, na kupe wa kijiji kizima walikuwa humo.

Wiki ya tatu ng'ombe mkubwa alivimba tezi chini ya masikio. Akasusa majani. Akawa anahema kwa tabu, povu puani. Bi Usafi alimpigia afisa simu kutwa. Alikuja siku ya nne, mnyama amekwisha kakamaa. Hakushuka hata kwenye pikipiki. Aliandikia fomu kwenye tangi: *Chanzo cha kifo: uzembe wa mfugaji.*

"Uzembe? Kadi yangu ina mihuri yote!"

"Ndiyo maana, mama. Josho zima, kadi nzima. Sasa mbovu nani?"

Dawa ilikokwenda, kila mtu alijua. Makopo yalijipanga dukani kwa mke wa afisa, nembo ya serikali imekwanguliwa kwa msumari, tena vibaya, kama kazi ya mtu asiyemwogopa yeyote.

Bi Usafi akaenda kwa mkubwa wa afisa. Mkubwa alimsikiliza macho yakiwa kwenye simu, akajichokonoa jino, kisha akasema, "Andika barua. Mpe afisa wako ailete."

Jumatatu alirudi joshoni na ng'ombe aliyebaki, aliyetoka kuzaa juzi juzi. Bila muhuri wa wiki, kituo cha maziwa hakipokei hata kikombe. Waliomcheka walikuwa mbele yake na nyuma yake, na wao sasa walikuwa na vifo vya ng'ombe nyumbani kwao. Hakuna aliyenyanyua uso.

"Mama," afisa akamwita kwa sauti ya kusikika na wote, "leo una swali?"

Bi Usafi alimtazama viatu, akapanda mpaka kola, akashuka tena. Mate yalimjaa mdomoni. Akayameza.

"Sina."

Akampiga ng'ombe kofi la kiunoni. Mnyama akazama mpaka shingoni, akaibukia ng'ambo akitiririka maji meupe, na ndani ya sikio lake la kushoto kupe mnene kama harage akiendelea kunyonya.