Kitabu cha Nchi za Baridi

Mume wangu na mimi kazi yetu ni kujalidi vitabu vilivyochakaa. Mimi nashona kurasa, yeye anapaka gundi na kuvisha jalada jipya. Kusoma hatusomi. Ukianza kusoma vitabu vya watu kazi haiendi, na tangu anioe sijawahi kumwona akifungua kitabu ila kuhakikisha kurasa hazijakaa kichwa chini.

Ndiyo maana nilianza kumtilia shaka. Maktaba ilituletea vitabu vya maeneo ya dunia: watu wa jangwani, watu wa visiwani, historia zao, mito na milima yao. Vyote vikatoka karakanani vimevaa vizuri, isipokuwa kimoja, cha nchi za baridi. Kila nikiuliza, naambiwa gundi haijakauka. Mimi gundi naijua. Kwa jua lile, hata suruali za jirani zilikuwa zinakauka mpaka zinasimama zenyewe.

Siku moja nikarudi kutoka sokoni nikamkuta amekiinamia, midomo inamchezacheza. Kuniona tu, akakifunika kwa gazeti.

"Unasoma nini, baba watoto?"

"Nakagua mshono."

Mshono ni kazi yangu. Hajawahi kuukagua, na angethubutu angenitambua.

Mezani naye akazua lake. Eti mtu akitoka kwenye joto kama letu akaingia kwenye theluji, mwili unazoea? Nikamwambia inategemea nani anamsubiri huko ampashe moto. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kisha zikaja simu za kwenda kupokelea nyuma ya tangi la maji. Nikajifanya naanua nguo, nikamsikia: "Nipe muda kidogo. Huyu niachie mimi." Huyu ndiye mimi, mama wa wanawe. Nilitamani kulia, nikaona afadhali nikasirike.

Ningemwuliza binti yetu, maana baba yake hamfichi kitu. Lakini yuko ng'ambo, kazi inamhamishahamisha, na tangu nilipomhoji kidogo tu juu ya yule kijana aliyesimama naye kwenye picha aliyotutumia, simu zangu hapokei. Nilimwuliza ukoo, dini, mshahara na kwa nini anatabasamu vile. Mama gani asingeuliza?

Leo mchana, nikitafuta makaratasi magumu ya majalada, nikakuta koti nyuma yake. Koti zito la sufu, la kike, jipya. Damu ikanichemka. Nilichukua kisu cha kukatia majalada nikalikata mkono wa kulia, halafu wa kushoto, nikalibwaga mbele ya mume wangu juu ya meza ya kazi.

"Mpelekee huyo mwanamke wako. Mwambie avae kama fulana."

Alilitazama. Hakufoka, na kutofoka kwake kukanitia hofu.

"Binti yetu anaolewa," alisema. "Kazi imempeleka huko kwenye baridi, na ndiko kwao yule kijana wa kwenye picha. Nasoma ili wakwe wakinisemesha nisikae kama gogo."

"Na hili koti?"

"Lako."

Nikavuta kiti nikakaa. Niliona aibu, lakini ulimi wangu haukuona.

"Mbona mimi sijaambiwa?"

"Alinialika mimi peke yangu. Alisema wewe utawahoji wakwe mpaka arusi igeuke mahakama. Nikasema bila mama yako siji. Kila siku simu ni hiyo, nambembeleza, hataki. Koti nikanunua tu, nikasema atalegea."

"Amelegea?"

Akaokota mkono mmoja wa koti sakafuni, akaukung'uta vumbi la karatasi, akauweka juu ya meza taratibu.

"Leo asubuhi. Nimemwapia kwamba mama yake amebadilika."