Kasala mu Dakika Tano

Banamama benye muko na mutoto mu masomo ya juu, mukae chini kidogo, musikie habari ya Mama Charlotte Ngeleka wa Kolwezi, musije mukaingia mu shimo lenye aliingia yeye na maguu yote mbili.

Ile shimo ilianzia ku jikoni. Mama Charlotte alikuwa anageuza bukari. Kankolongo, binti yake wa pekee, alikuwa anachagua majani ya sombe, akasema vile mutu anasema mvua itanyesha:

— Mama, siku ya tano ya juma kuko jioni ya kujuana. Batu kumi na mbili, kila mutu dakika tano ku mikro, anaeleza vile mashine inaweza kusaidia masomo ya juu. Mi niko wa saba. Mwenye atashinda, banamutuma Musumba mwaka muzima, afungulie banafunzi ba kule nyumba ya kusomea.

— Musumba gani?

— Musumba iko moja tu, mama.

Mwiko ikabaki imesimama mu bukari. Mama Charlotte aliijua ile barabara ya Musumba kwa kusikia. Ukipita Sandoa, matope inakupokea kama mukwe. Kamiyo inalala pale, mpaka dereva anajua mbuzi ya kijiji kwa majina. Na homa, je? Na mutoto mwenye hajui hata kupika maharagi bila kuita mama yake?

— Kazadi, unasikia? akamuita bwana yake ku sebule.

— Nasikia. Baba yangu alitoka Kasai akakuja kuvunja mawe huku, hakuna mwenye alimuuliza habari ya barabara.

Kutoka ile siku hakumuuliza bwana tena. Aliuliza mutoto, pole pole, kama mutu mwenye anapapasa nyanya sokoni.

— Na dakika tano ikiisha, binti yangu?

— Mikro inakufa.

— Hata kama uko katikati ya neno?

— Hata katikati ya neno. Saa inahesabu ku ekran kubwa, batu bote banaona. Inaanza tu wakati unapanda.

Basi, pale pale, Mama Charlotte akamufikiria Tantine Beya.

Tantine Beya, dada mukubwa ya Kazadi, alikuwa mwenye kasala. Kama hauijui kasala: ni sifa ya mutu yenye inaita bankambo bake, bazee benye balimutangulia, mumoja mumoja, na kile kila mumoja alifanya, mpaka inafika kwake mwenyewe. Ku ndoa ya Muamba, jirani yao, Tantine alianza wakati muchele ilikuwa ya moto. Alipomaliza, bibi arusi alikuwa amevua viatu na bwana arusi anasinzia. Na kwao, batu ba Kasai, hakuna mutu anakata kasala. Ukiikata, umeacha bankambo mu njia, na beye banajua nyumba yako. Mwenye anaweza kuifunga ni ule tu mwenye alimuita Tantine, na anaifunga kwa kumupa kinywaji na mikono mbili.

— Tantine, Mama Charlotte akamuambia, mutoto atasimama mbele ya bakubwa. Utamuacha asimame uchi, bila bankambo bake?

— Nani amesema atasimama uchi? Tantine akajibu, na tayari alikuwa anatafuta kitambaa ya kichwa.

Siku ya tano ikafika. Ku mulango ya sale, ile nyumba kubwa ya mikutano, kulikuwa Benoît, mwenye kuongoza jioni, kijana wa tai nyekundu, anamupa kila mutu karatasi ya kuvaa ku kifua, na jina, kazi, na kile kimraba cheusi chenye telefone inasoma.

— Mama, niandike kazi gani?

— Andika: mama ya Kankolongo.

Benoît akaandika vile vile. Na ile karatasi ikafanya kazi. Kila kisha batu tatu kusema, kulikuwa nafasi ya kujuana: batu banashika glasi, banazunguka, banainamisha telefone ku kifua ya mwenzao kuchukua namba. Bwana mumoja wa miwani akainamisha yake ku kifua ya Mama Charlotte mara tatu.

— Mama, hii karatasi yenu haifunguke.

— Mi mwenyewe sifunguke, baba. Uliza kwa mudomo.

— Muko mu kazi gani?

— Nyanya.

— Ah. Chakula na akili ya mashine. Ni kitu ya kesho, akasema ule bwana, na akamupa karatasi yake ndogo ya jina na namba.

Mama Charlotte alicheka mpaka Fanta ikapanda ku pua. Alifurahi, aksanti Mungu, maana alikuwa na mupango yake ndani ya kifua kama yai. Alisikiliza ule mwenye mashine yake inakamata banafunzi benye banaibiana majibu, na ule mwenye alileta miwani nyeusi zenye zinakuonyesha chini ya mugodi na wewe umekaa ku kiti. Kila mumoja mikro ilimufia mu kinywa. Professeur Ngoy, mukubwa wa ile jioni, alikaa mbele na kalamu, hacheki. Na yeye ni mutu wa Katanga ya kaskazini, Mama Charlotte akajisemea. Kasala si ya kwao, hataisamehe.

— Wa saba, Benoît akasema. Kankolongo Kazadi.

Kankolongo akapanda. Ku ekran ikatokea picha ya kisanduku kidogo, kama mukate. Saa ikaanza: tano, sufuri, sufuri. Akafungua kinywa. Na kutoka nyuma ya sale, kabla neno lake halijatoka, sauti ya Tantine Beya ikaruka juu ya bichwa bya batu bote.

— Kankolongo wa Kazadi! Simama, mutoto, usijibu. Kazadi wa Tshimanga, Tshimanga mwenye alitoka Kasai na gari ya moshi, valizi ya mbao ku kichwa. Mwenye alivunja jiwe mpaka jiwe ikasema, baba, pumuzika. Tshimanga wa Ntambwe, Ntambwe mwenye simba ilimupisha njia ikaomba samahani...

Benoît akapiga kengele. Nusu ya sale, benye bankambo babo bote balitoka Kasai, bakageuka kumuangalia. Akaiweka kengele chini kama yai.

Nne na nusu. Nne. Mama mumoja akapiga kigelegele. Ule bwana wa miwani, kumbe naye ni wa kwao, akaenda kumutuza Tantine, akamubandika noti ku paji ya uso. Tatu. Na halafu Professeur Ngoy akasimama, kiti yake ikalia, akavuka sale, Mama Charlotte akafunga macho kwa furaha. Akayafungua: Professeur alikuwa anabandika noti yake, na mabega yake inacheza.

Mbili. Kankolongo hakucheza. Aliangalia mama yake, tu, mikono imeshika karatasi zake. Alijua. Mutoto mwenye umemunyonyesha anakujua.

— Na upande wa mama, Tantine akaimba, sasa pole pole. Charlotte Ngeleka, mwenye alikula masomo mpaka darasa la sita, wa kwanza mu darasa. Masista bakamuita Sandoa asome uuguzi. Charlotte mwenye mama yake alificha viatu chini ya muhogo, kwa kumupenda. Charlotte mwenye alitafuta viatu mpaka kamiyo ikaenda.

Banamama, muangalie pale. Mwenyewe alikuwa amesahau. Miaka makumi tatu na ngapi alikuwa anasema: mi nilikosa tu kamiyo. Sasa alisikia harufu ya ule muhogo. Akaangalia ekran: moja, kumi na mbili. Akaangalia mikono yake, na ikawa mikono ya mama yake.

Akasimama. Akavuka sale na Fanta yake, nusu imemwagika ku magoti ya batu, akamupa Tantine na mikono mbili.

— Kunywa, Tantine. Bamefika bote.

— Bado bajomba bako, Tantine akanong'ona.

— Bajomba batakula siku ingine. Kunywa.

Tantine akakunywa. Ekran ikaonyesha sekunde makumi ine. Kankolongo akaacha picha zake zote.

— Huyu ni tantine yangu. Hakuingia mu masomo hata siku moja, na hasahau mutu. Alisikia, akarudia, akasikia, akarudia. Kule Musumba banafunzi habapate rezo ya telefone. Hiki kisanduku kinabeba sauti ya mwalimu. Mwanafunzi anaichukua ndani ya telefone yake, anarudi nayo nyumbani, anairudia mpaka inaingia. Dereva analeta sauti mupya kila mwezi. Hakuna kitu ingine. Munitume.

Mikro ikakufa, na sekunde mbili zilikuwa bado. Benoît alikuwa ameizima kwa kulia.

Alishinda. Hata hamuna haja ya kuuliza. Na Professeur Ngoy, akiwa angali anapanguza jasho, akauliza kama ile mama ya kasala anaweza kwenda pia, aonyeshe bafundishaji vile sauti inabeba masomo. Tantine Beya, na miaka yake makumi sita na nane, akajibu kwamba valizi iko tayari, ya mbao, ya Tshimanga.

Basi, banamama. Kama munataka mutoto abaki, musimuitie mwenye kasala. Na kama munaogopa barabara, muogope pia kinywa chenu munachotumia kuizuia. Mama Charlotte bado anaogopa. Lakini siku ya kwanza ya juma alienda sokoni, akanunua botte za mpira jozi mbili, akaziweka ku mulango ya mbele, katikati kabisa, pale mutu hawezi kutoka bila kuzikwaa.