Huko Kaskazini Ndiko Kubaya

Shemeji yake Fundi, dereva wa lori, ndiye aliyemtia hofu. Alikuja Jumapili mchana, na kabla hata hajapewa maji ya kunywa akaanza.

"Shemeji, wakikutuma kwingine kokote, nenda. Kaskazini, hapana. Mimi napita huko kila mwezi. Nikisimama kujaza mafuta sishuki mpaka nimeona nani kasimama wapi. Huku kusini watu wastaarabu. Kule wakiiona rangi yako, basi, hawaoni kingine."

"Naenda kazini, siendi kutembea," alisema Fundi.

"Haya. Mimi nimesema."

Fundi alikuwa fundi wa lifti, mwaka wake wa kumi na moja katika kampuni ileile. Nusu ya jiji walipanda lifti alizozitengeneza, na hakuna aliyemjua sura. Asubuhi gari la kampuni lilimchukua mlangoni, jioni likamrudisha, na saa zote za katikati alikuwa yeye, kamba za chuma, grisi na taa ya kichwani. Ungemuuliza, angekwambia kuwa katika jiji lile hajabaguliwa, labda mara mbili tatu, vijimambo vya kupuuza.

Mkewe alikuwa akikunja nguo. Hakuchangia neno. Binti yao wa miaka tisa, waliyembandika jina la Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo, alikuwa chini sakafuni akichora, kimya.

"Leo Chiriku kameza nini?" Fundi alimtania. Mtoto akatabasamu tu, akaendelea kuchora.

Jumatatu akaondoka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya wiki mbili: kufumua na kuunda upya lifti moja kuukuu kwenye jengo la ghorofa tisa. Mwenzake wa kazi alikuwa mwenyeji wa kule, mweupe, mrefu kupita kiasi, ambaye Fundi moyoni alimwita Ngongoti. Hakuwa mtu wa maneno. Asubuhi alisema "habari," jioni alisema "kesho," na katikati aliongea na spana. Fundi alimchunguza siku nzima ya kwanza akitafuta chuki usoni mwake. Hakuiona, na kutoiona kukamtia wasiwasi zaidi.

Mtaani, maongezi yalikatika alipopita. Dukani alijibiwa kwa kidole: kile pale, chukua. Siku ya tatu alikuta mtu ameandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha gari lao la kazi: RUDI ULIKOTOKA. Alikifuta kwa kitambaa cha grisi.

"Nimetoka kusini," alimwambia Ngongoti, akijaribu kuchekesha, "na nikimaliza kazi nitarudi. Hakuna haja ya kunikumbusha."

Ngongoti hakucheka. Alitazama madirisha ya jengo, moja baada ya jingine, kisha akabeba sanduku la vifaa.

Kuanzia hapo hofu ilihamia mwilini. Fundi alikula akiwa ameupa ukuta mgongo. Kwenye chumba alichopangiwa, juu ya duka la baiskeli, alisogeza meza mlangoni kabla ya kuoga. Alijiona mjinga, lakini hakuirudisha mahali pake.

Jumanne ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, aliteremka kwenye shimo la lifti, chini kabisa, pale penye springi mbili nene za kuipokea lifti ikizidi kushuka. Ilibidi abadilishe swichi ya usalama ya humo shimoni, iliyokuwa imeliwa na kutu. Ukishaifungua swichi hiyo, huna tena cha kuizuia lifti ukiwa chini. Usalama wako wote unabaki juu, kwenye chumba cha mota, ambako swichi kuu imezimwa na kibao chekundu kimening'inizwa: USIWASHE, MTU YUMO SHIMONI. Kwa kawaida hutiwa na kufuli, lakini boksi la pale lilikuwa bovu, halishiki kufuli. Kwa hiyo Ngongoti alikaa kando yake kulinda. Ghorofa tisa zilikuwa kati yao, na redio ya mkononi.

Fundi alikuwa ameinama anafungua skrubu ya mwisho aliposikia hatua juu ya kichwa chake. Mlango wa chini alikuwa ameuacha wazi, ameuwekea gogo. Gogo likavutwa. Mlango ukajifunga polepole, bila kishindo, na mwanga wote ukaondoka isipokuwa wa taa yake.

"Kuna mtu huku!" alipaza sauti. "Nipo ndani!"

Hakujibiwa. Lakini hatua hazikuondoka. Aliisikia pumzi ya mtu upande wa pili wa mlango, mtu aliyesimama tu, akisikiliza.

Akabonyeza redio. "Juu, unanipata? Juu!" Redio ikakoroma. Akabonyeza tena. Mikono ilikuwa imelowa, kifaa kikamponyoka, kikagonga sakafu.

Ndipo mota ikaguruma.

Lifti ilikuwa imeegeshwa ghorofa ya pili. Alizisikia kamba zikikaza, halafu akaliona tumbo lake jeusi likianza kushuka. Ngazi ya chuma ilikuwa hatua nne kutoka pale, na akajua hafiki. Alijitupa chini katikati ya springi, chali, akageuza uso pembeni, akabana mikono mbavuni. Alitaka kumtaja Mungu, lakini kilichomtoka ni jina la binti yake.

Lifti ilisimama shubiri moja kutoka sikioni mwake. Tone la grisi likamdondokea shingoni. Juu, milango ikafunguka. Mtu akaingia. Fundi akazisikia soli za viatu vyake, zikitembea, zikageuka, zikatulia. Kisha lifti ikapanda na mtu wake.

Hakukumbuka alivyopanda ngazi. Alikumbuka tu kwamba komeo la ndani la mlango lilimshinda mara mbili, na kwamba alipotoka, msimamizi wa jengo alikuwa ameketi mezani kwake akisoma gazeti.

"Kumbe ulikuwa humo?" alisema msimamizi, na kufungua ukurasa mwingine.

Ngongoti alishuka mbio kwa ngazi, ghorofa zote, uso umempauka. Alimshika Fundi mabega, akamkagua kama anayetafuta jeraha.

"Aliniita," alisema akihema. "Msimamizi alinipigia simu, maji yanavuja ghorofa ya saba, nije nitazame yasije yakafika kwenye nyaya zetu. Dakika mbili tu. Hakuna maji. Niliporudi swichi imewashwa. Kibao nimekikuta kwenye ndoo ya takataka."

Fundi alikaa kwenye ngazi, akapiga hesabu. Mmoja alivuta gogo huku chini. Mwingine aliwasha swichi kule juu. Mtu mmoja hawezi kuwa kote kuwili. Aliyekuwa mezani na gazeti hakuonekana kustuka. Ama zilikuwa bahati mbaya mbili kwa dakika ileile, ama watu walikuwa wamekaa mahali, wakanywa chai, wakakubaliana.

Alasiri aliandika ripoti, akamsogezea Ngongoti atie sahihi. Ngongoti aliisoma taratibu, kalamu mkononi.

"Andika kibao kilianguka."

"Kilianguka kikatembea mpaka kwenye ndoo?"

"Fundi." Sauti ya yule mtu mrefu ilikuwa ndogo. "Wewe Ijumaa unaondoka. Mama yangu anakaa mtaa wa pili kutoka hapa."

Hakutia sahihi. Lakini kuanzia kesho yake alileta kiti na chakula chake, akakiweka kiti mbele ya swichi kuu na hakuinuka mpaka jioni. Msimamizi alipopiga simu, aliiacha iite. Kila dakika tano redio ilisema: "Nipo." Fundi, kule chini, alifanya kazi kwa kuisubiri ile "nipo," na ilipochelewa hata kidogo aliacha spana akakimbilia ngazi.

Alipompigia bosi wake wa kusini, bosi aliguna kwa huruma.

"Si nilijua? Hao watu wa kaskazini ni washenzi, wametuaibisha nchi nzima. Maliza tu, urudi nyumbani. Huku ni kwenu."

"Na ripoti?"

"Sasa ripoti ya nini, na mwenzako hajasaini? Tusikuze mambo."

Alikuwa amepanga kutomwambia mkewe. Lakini mkewe aliisikia sauti yake kwenye simu na kumwuliza mara moja tu: "Baba Chiriku, una nini?" Akamwaga yote. Alimaliza kwa kusema, "Shemeji alisema kweli. Huku siyo kama kwetu huko. Nikirudi sitoki tena."

Upande wa pili alisikia mlango ukifungwa.

"Upo?"

"Nipo," alisema mkewe. "Nataka kukwambia kitu na usinikatize. Mtoto wako anakaa peke yake darasani. Dawati la mwisho, karibu na kabati la mafagio. Muhula wa pili huu. Wazazi fulani waliomba wanao wasikae naye, mwalimu mkuu akakubali."

"Huko? Kusini?"

"Nilikwenda kulalamika. Unajua aliniambia nini, na tabasamu lake? 'Mama, shukuru. Kaskazini wangemfukuza kabisa. Sisi hapa tunamvumilia.'"

Fundi alikaa kitandani, nyuma ya meza aliyoizibia mlango.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unatoka na gari, unarudi na gari. Mchana kutwa uko shimoni, hakuna anayekuona. Ulikuwa unaupenda mji huu, baba. Kila nikitaka kusema, nakuona unavyoupenda. Mimi ndiye ninayekwenda kliniki, mimi ndiye ninayepanga foleni. Duka la dawa la karibu siendi, nazunguka mtaa mzima. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

Hakuwahi. Alidhani anapenda kutembea.

Ijumaa alirudi. Jumatatu aliomba ruhusa kazini, na watatu wakatoka nyumbani kwa miguu. Mtaa ulikuwa uleule, ukumbi uleule wa sinema, mafundi viatu walewale. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja aliona mwanamke akihamisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile walipomkaribia, na akamwona mkewe hashtuki. Aliona Chiriku akivuka barabara bila kuambiwa, kabla ya duka la dawa. Kifua kilimbana kama kule shimoni, tofauti ni kwamba hapa jua lilikuwa likiwaka na watu walikuwa wakimsalimu.

Mwalimu mkuu aliwakaribisha viti. Alikuwa mama mpole, mwenye miwani ya kuning'inia. Alisema anaelewa, anasikitika, mambo haya yanahitaji subira. "Na tukumbuke tuna nafuu," aliongeza. "Ukilinganisha na kaskazini…"

"Mwalimu, nimetoka huko juzi," alisema Fundi. "Waliniteremshia lifti. Nimelala chini yake. Kwa hiyo usinifundishe kaskazini. Mimi nauliza habari za dawati."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaivaa tena.

"Ninaogopa," Fundi aliendelea. "Sikufichi. Naogopa kukaa hapa nikisema haya, kwa sababu mwanangu atabaki na nyinyi mimi nikiondoka. Lakini nitakuja kesho, na kesho kutwa, nitakaa kwenye hilo dawati la mafagio mimi mwenyewe mpaka yeye akae na wenzake."

Mkewe alimshika mkono chini ya meza, akaukaza.

Haikufika hiyo kesho kutwa. Siku ileile Chiriku alihamishiwa safu ya pili. Kabla ya wiki kuisha, wazazi wawili waliwahamisha watoto wao kwenda darasa jingine, na mmoja akaja mpaka getini kumwambia mke wa Fundi kwamba wao hawana ubaya na mtu, ila tu. Hakuimalizia hiyo "ila tu." Kazini, Fundi aliipeleka ripoti yake kwa wakaguzi wa usalama bila sahihi ya Ngongoti wala baraka za bosi. Wakaguzi walijibu kwamba wameipokea. Bosi aliacha kumtania, na safari zote za nje wakapewa wengine.

Shemeji alipokuja tena na kutaka kusimuliwa ya kaskazini, Fundi alimsimulia. Shemeji akapiga goti lake. "Si nilikwambia!" Dada yake, mke wa Fundi, akamtazama, akamwambia, "Sasa kaa, usikie na ya hapa."

Jioni moja Chiriku alitoka shuleni, akatembea kando ya baba yake nusu ya njia bila kusema.

"Leo nimekaa na msichana mmoja," alisema hatimaye. "Hakuongea na mimi."

"Akafanyaje?"

Mtoto akafikiri.

"Hakuhama."