Kioo cha Anti Akwero

Mama yangu Nusura hajui kupokea wageni kwa kilicho chake. Siku wakwe walipokuja kuniposa aliazima mazulia, akaazima birika, na kubwa kuliko yote akaazima kioo cha anti Akwero, jirani yetu hapa Nateete. Kioo cha duara, fremu ya shaba, kazi ya fundi mwenye jina huko Milano, enzi za bibi zetu. Anti Akwero alimuuguza mama mmoja wa Kitaliano huko Muyenga mpaka akamfia mikononi, na kioo hicho ndicho alichoachiwa. Hana ukumbusho mwingine wake. Nilimwambia mama, nguo ya kuazima haisitiri matako. Akaniambia nifunge mdomo wangu.

Wakaja. Aryemo, mama yake Oyat mchumba wangu, akakaa akikitazama kioo, akasifu shaba, akasifu hata yale madoa ya uzee.

"Babu yake Firdaus alikileta kutoka Italia," mama akasema.

Anti Akwero alikuwa ndiyo anaingia na sinia la juisi. Alikuja tangu asubuhi kutusaidia kupika. Mama wala hakukoma.

"Umekipenda, dada? Basi ni chako."

Sisi wenye asili ya pwani tunasema hivyo kila siku. Mgeni akisifu kikombe unamwambia ni chako, naye anajibu, hapana, kimekaa pahali pake, yameisha. Lakini Aryemo ni Mwacholi, mke wa mwanajeshi, na nyumbani kwake ukipewa kitu mbele za watu hukirudishi. Utakuwa umemtukana aliyekupa. Akainuka, akamkumbatia mama, akamwambia Oyat akishushe.

Mama akawa anaangalia zulia. La kuazima, nalo.

"Hicho kioo si chetu," nikasema. "Ni cha anti Akwero."

Anti Akwero akaweka sinia mezani polepole.

"Firdaus ananitania," akasema. "Nimekisifu mno, sasa wananiita mwenyewe. Ni cha nyumba hii."

Akavua kitenge mabegani, akakifunga kile kioo kwa mikono yake. "Oyat, mwanangu, kishike kwa chini. Shaba imelegea upande huu."

Nilitamani ardhi inimeze, wallahi. Aibu ilikuwa ya mama lakini niliibeba mimi.

Aryemo alikuwa na furaha tele. "Dada, kwa jina wewe ni wa kwetu," akamwambia anti Akwero. "Hapa nyumbani wewe ni nani?"

Mama akainua uso. Nilimngoja. Angeweza kusema jirani, angeweza kusema dada yangu, na hapo ningemsamehe nusu.

"Anatusaidia jikoni," mama akasema.

"Ndiyo," anti Akwero akajibu, akaenda kutazama pilau.