Lipu Mbichi

Rangi nyekundu haishiki vizuri kwenye lipu mbichi. Jamaa mwenye brashi alivuta mstari wa kwanza kutoka pembe ya dirisha hadi karibu na kizingiti, na kabla hajavuta wa pili, ule wa kwanza ulikuwa umeanza kutiririka ukutani kama damu ya ng'ombe aliyechinjwa vibaya. Bibi Yunisi alisimama mlangoni na birika mkononi. Chai ya maziwa ilikuwa tayari. Viazi vya kuchemsha vilikuwa mezani, vimefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Wageni wa mradi wa barabara walikuwa wametangazwa tangu wiki iliyopita.

"Shikamoo, bibi," alisema mthamini, macho kwenye kishikwambi chake. Aliitwa Kalinga, mtu wa Iringa, mpole wa sauti.

"Marahaba, mwanangu. Mbona alama yangu nyekundu? Tuliambiwa kijani."

"Kijani ni ya waliokuwepo kabla ya tangazo la mradi. Hao wanalipwa fidia, wanapewa na kiwanja. Nyekundu ni waliojenga baada ya tangazo. Hao wanabomoa wenyewe."

"Na mimi nimejenga lini?"

Kalinga aligusa ukuta kwa kidole. Kidole kikarudi na saruji. Akamwonyesha, taratibu, kama daktari anayemwonyesha mgonjwa damu yake.

"Hata haijakauka, bibi."

Kisha akaupiga ukuta picha, akaingia ndani, akala viazi vitatu. Hakuwa mtu mwenye majivuno.

Sasa hiyo lipu ilifikaje hapo? Nyumba ilijengwa na marehemu Eliezeri, mume wa Yunisi, fundi wa matofali ya kuchoma ambaye tanuri lake, wazee wanasimulia bila kupepesa macho, lilikuwa kali hata kuku waliopita karibu walifika nyumbani wameiva. Ilisimama nusu ya njia kati ya Uyole na Mwanjelwa, hatua ishirini na tatu kutoka barabara kuu ya Zambia, na kwa miaka karibu hamsini haikujua kitu kinachoitwa lipu. Ilikuwa nyekundu ya udongo wake, nyeusi ya moshi wake, basi.

Barabara watu hawakuikataa, hilo lieleweke. Foleni ya malori ilikuwa imewachosha. Siku zile mbaya, dereva wa mbele akipiga chafya Uyole, wa mwisho alimjibu "afya" akiwa Igawa. Mtoto wa tatu wa Yunisi alizaliwa ndani ya Landrova iliyonasa kwenye foleni hiyo, na mtaani wanaapa kwamba alipofikishwa hospitali alikuwa ameshaota meno. Kwa hiyo iliposemwa kwamba barabara itapanuliwa iwe ya njia nne, tena na vituo vya mabasi vyenye paa na mabenchi, Yunisi alipiga makofi kama wenzake. Alipoambiwa kituo kimoja kitakaa palepale chumbani kwake, alisema sawa, mnipe pa kwenda.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa, Nashoni, akaitisha mkutano. Akasema wataalamu wanakuja kuzitazama nyumba na kuzipiga picha. Mgeni hapokelewi kwenye masizi, akasema, na nyumba safi huandikiwa thamani safi. Nani angebisha? Huku kwetu mgeni akitajwa, ukuta ndio husiribwa kwanza, kuku hufuata baadaye. Nyumba kumi na moja zilizopakana na barabara zikaingia kazini. Wengine chokaa, wengine rangi. Yunisi, kwa kuwa hakutaka Eliezeri aaibike kaburini, aliuza lumbesa mbili za viazi Mwanjelwa, akanunua saruji, akaita fundi. Lipu ikapigwa nje kote, laini kama shavu la bibi harusi.

Nyumba ya Nashoni peke yake ilibaki na masizi yake. Mgongo unamsumbua, alisema. Ikapata kijani.

Zile kumi na moja zote zilipata nyekundu.

Jioni hiyo walikusanyika kwenye baraza la Mrisho, fundi cherehani, ambaye babu yake alifika Mbeya kutoka pwani na mzigo wa kanga na hakurudi tena. Walizungumza sana, wengine kwa matusi. Mwishowe wakakubaliana jambo moja: hakuna atakayeng'oa hata msumari mpaka nyumba zote ziwe kijani. Yunisi ndiye aliyelitamka, na kila mmoja akalirudia, hata Faustina, mjane wa nyumba ya tatu, ambaye kwa kawaida hakupenda kusema mbele za watu. Mrisho alisema katika mtaa ule hajawahi kuona watu kumi na moja wakikubaliana, hata juu ya mvua ikinyesha.

Kesho yake Yunisi alikwenda ofisi ya mradi. Ilikuwa kontena la bati karibu na Uyole, lina feni, lina kalenda. Kalinga alimpa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua mashine yake, akageuza kioo ili naye aone. Ukuta wake ulikuwa humo, unang'aa.

"Mfumo unasoma jengo jipya," alisema.

"Mfumo hauna macho, mwanangu. Wewe unayo. Uliingia ndani, uliona boriti zilivyoliwa na mchwa."

"Niliona. Lakini ndani hatupigi picha. Mfumo unataka uso wa nyumba."

"Basi waulize majirani."

"Majirani nao ni nyekundu. Watashuhudiana." Alifikiri kidogo, na kwa haki yake tuseme alionekana kutaka kumsaidia. "Leta uthibitisho. Risiti ya vifaa, kibali cha ujenzi, kitu chenye tarehe."

Risiti ya udongo aliouchimba Eliezeri nyuma ya nyumba yake angeipata kwa nani? Yunisi alitembea kurudi kwa miguu, na alipofika kwenye kijiti cha kwanza cha wapimaji akasimama ghafla, akacheka peke yake mpaka mwendesha bajaji mmoja akapunguza mwendo amtazame. Alikuwa amekumbuka. Eliezeri hakuwahi kuchoma tanuri bila kuandika mwaka kwenye tofali moja, kwa msumari, udongo ukiwa bado mbichi. Hata la nyumba yake aliliandika, na akalijengea upande wa mbele, ili wapita njia walione.

Upande wa mbele, ndiyo. Lakini wapi hasa? Kushoto mwa mlango, alikuwa na hakika. Alichukua tindo na nyundo ya marehemu, akaanza hapo.

Lipu nzuri haina huruma kwa anayeibandua. Ilikuwa inatoka kwa vipande vya ukubwa wa kiganja, na baadhi ya vipande viliondoka na uso wa tofali. Kufikia saa sita upande wa kushoto ulikuwa wazi, na tofali lenye mwaka halikuwepo. Akahamia kulia. Mrisho alisimamisha cherehani, akaja na futi yake shingoni.

"Bi mkubwa, huo ukuta ndio umeshika paa."

"Ulilishika kabla sijakujua wewe."

"Ulilishika ukiwa mzima. Sasa unautoboa kama panya."

"Mrisho, kama umekuja kupima, pima. Kama umekuja kushona, mimi siyo gauni."

Mrisho akaenda kuleta nyundo yake. Wakafanya kazi wote wawili, yeye juu, Yunisi chini, na vumbi likawapaka wote rangi moja. Matofali mawili yalilegea juu ya dirisha, kisha sita, kisha kipande kizima cha ukuta kikashuka chenyewe kwa uvivu, na kitanda cha Yunisi kikaonekana barabarani, na shuka lake la maua. Abiria wa basi la Tukuyu waligeuza shingo wote kwa pamoja. Yunisi aliwapungia mkono.

Saa tisa wakalipata. Lilikuwa chini kabisa, karibu na msingi, mahali ambapo mtu angelisoma tu kama amepiga magoti. 1977. Saba ya pili ilikuwa imepinda, kwa sababu Eliezeri alikuwa akiandika huku anaongea. Yunisi alilichomoa, akalifuta kwa ncha ya kanga. Hakulia. Alimwambia Mrisho kwamba marehemu alimsumbua akiwa hai na bado anamsumbua, na kwamba safari hii amemsamehe.

Gari jeupe la mradi lilipunguza mwendo mbele ya nyumba. Mkono ulitoka dirishani na kishikwambi, ukakaa nje muda wa kupiga picha tatu nne, ukarudi ndani. Yunisi aliwainulia tofali walione vizuri. Gari likaenda zake.

Asubuhi alilifunga kwenye kanga, akalibeba mgongoni kama mjukuu, akaenda nalo kwenye kontena. Kalinga aliliangalia mbele na nyuma. Akasoma mwaka kwa sauti.

"Hili ni tofali, bibi."

"Ndiyo. La nyumba yangu."

"Likiwa ukutani ni la nyumba yako. Likiwa hapa mezani, ni tofali tu. Linaweza kutoka popote."

"Njoo basi ulione tundu lilimotoka. Litaingia kama jino."

"Tundu." Kalinga alishusha pumzi. Aligeuza kioo tena. Ukuta ulikuwa humo, umefumuliwa, kitanda kinaonekana, na mbele yake mwanamke mweupe kwa vumbi ameinua kitu juu kwa mikono miwili. Chini ya picha kulikuwa na maandishi. Yunisi alimwomba amsomee, ingawa alijua kusoma.

"Mmiliki ameanza kubomoa kwa hiari," Kalinga alisoma.

Feni ilizunguka.

"Nani kaandika hivyo?"

"Mfumo una sehemu tatu tu. Hajabomoa, amebomolewa, amebomoa kwa hiari. Vijana wamechagua inayofanana."

"Ongeza ya nne. Andika: alikuwa anatafuta ushahidi mliomtuma."

"Sina ruhusa ya kuongeza. Hiyo ni ya Dodoma." Akasema pole, na alimaanisha. Kisha akasema kwamba kama anataka kukata rufaa, kielelezo lazima kibaki ofisini, ndio utaratibu. Yunisi akadai hati ya kukipokea. Hati ya kupokea tofali haikuwepo. Wakavutana kwa maneno mpaka watu wa foleni nje wakaanza kuguna, na mwishowe Kalinga akamwandikia kwenye karatasi ya daftari, kwa mkono wake: *Nimepokea tofali moja.* Yunisi akaikunja, akaitia kifuani. Alipokuwa anashuka ngazi upepo wa Uyole ulipiga mlango, na Kalinga, bila kuwaza lolote, akalishusha tofali kutoka mezani, akalisukuma kwa mguu ili liuzuie usijifunge.

Gari la matangazo lilipita Alhamisi. Lilikuja polepole kutoka upande wa Mwanjelwa, spika mbili juu ya paa, na kati ya wimbo na wimbo ilitoka sauti ya mwanamke mwenye furaha iliyorekodiwa.

*Mradi unamshukuru Bibi Yunisi, mama mzalendo, ambaye ameanza kubomoa nyumba yake kwa hiari ili kupisha maendeleo. Wakazi wote wenye alama nyekundu mnaombwa kuiga mfano wake. Ahsante, Bibi Yunisi, kwa kutupisha.*

Yunisi alikuwa anafunga turubai mahali palipokuwa na ukuta. Mwanzo alidhani kuna Yunisi mwingine. Kisha akasikia bati likilia, mlio ule ambao msumari wa zamani hutoa ukitolewa kwa nguvu, na akatoka nje. Faustina alikuwa juu ya paa lake na nyundo. Nyumba ya tano nao walikuwa wameegesha ngazi.

"Shuka, Faustina."

"Nishuke nibaki na nani?" Hakugeuka. "Tulidhani vumbi lile ni la mambo yako na Mrisho. Kumbe umetangulia. Ungetuambia tu, tungeng'oa wote siku moja, bati zisingepinda."

"Mimi sijabomoa."

Faustina alitazama turubai, akatazama kitanda nyuma ya turubai, akaendelea na msumari wake.

Mrisho alikimbia nyumba kwa nyumba akiapa kwa dini yake. Wengine walimsikiliza. Wengine walimwambia yeye ndiye aliyeshika nyundo ya pili, walimwona. Gari lilikuwa limefika mwisho wa mtaa, likageuza, na sasa lilikuwa linarudi na wimbo wake.

Yunisi aliingia barabarani. Hakukimbia. Alifika katikati ya lami, mbele ya gari, akaketi chini, akanyoosha miguu yote miwili kama wanawake wanavyokaa msibani, akaipanga kanga yake magotini. Gari likasimama umbali wa mkono mmoja. Nyuma yake kosta likasimama, na nyuma ya kosta lori la shaba, na lingine, na lingine.

Dereva wa matangazo alishuka. Alimwamkia. Alimwomba, kwa heshima zote, bibi yangu, usinitie matatani.

"Waambie hao ndani wanyamaze, nami nitasema neno moja kwenye hiyo spika. Moja tu."

"Hakuna mtu ndani, bibi. Ni rekodi. Imefungwa ofisini, mimi naendesha tu."

"Basi kaa. Mimi sina haraka."

Breki za malori zilikuwa zinapumua moja baada ya nyingine kuelekea Uyole, mpaka masikio yakashindwa kuzifuata. Honi zikaanza. Madereva walishuka, wengine wakimtukana, mmoja akaketi kando yake akawasha sigara. Juu ya paa la tatu bati jingine liliachia, likashuka kwa kelele, na Faustina akalifuata lililo jirani.

*Ahsante, Bibi Yunisi,* ilisema ile sauti ya furaha juu ya vichwa vyao, kwa mara ya sita, *kwa kutupisha.*